Mshono wa Kisiwa

Kila asubuhi, ziwa lisipochafuka, mimi huwagombanisha wanasesere wanne kisha huwatenganisha kwa kisu cha kumenyea viazi. Ndiyo kazi yangu. Watalii hushuka kwenye mashua ya injini, hukaa kwa duara juu ya mafungu ya matete, na Edilberto, kijana wa mjini Puno, hapa kwetu Peru, anayewaongoza, hunitambulisha. "Huyu ndiye mwenyekiti wa kisiwa, Bi Rufina. Msimwone mfupi hivi." Wanacheka. Mimi huchukua bonge la mizizi ya matete, hulitia kwenye beseni la maji waone linavyoelea kama kisiwa chetu chenyewe, hulifunga na bonge la pili kwa kamba, hutandika matete mabichi juu, na juu ya matete naweka vibanda viwili na familia yangu ya matambara: baba, mama, binti na mkwe.

"Sasa," Edilberto huuliza kwa sauti yake ya redioni, "mama akikosana na mkwe, inakuwaje?"

Nakata kisiwa kwa kisu na kumsukuma mkwe kwa kidole mpaka ukingoni mwa beseni. "Nenda salama, usisahau kofia!" nasema. Hawajawahi kukosa kucheka. Wengine huomba nirudie ili wapige picha vizuri, nami hurudia.

Binti yangu Nélida alikufa mwezi wa tatu, na sikumwondoa binti wa matambara kwenye onyesho. Wanasesere walikuwa wanne tangu mwanzo. Siku ya tatu baada ya maziko nilikuwa nimepiga magoti mbele ya beseni, nikamweka mahali pake kama kawaida, na wageni walipoondoka nikasimama ukingoni na wenzangu kuwaimbia wimbo wa kuwaaga. Nisije nikasifiwa bure. Sikujikaza. Hapakuwa na cha kukaza. Nilitafuta ndani nikakuta pamefagiwa.

Alishikwa na kifua, tukampeleka hospitali kwa mashua, akalala siku sita. Maiti haizikwi kwenye matete, kwa hiyo tulimzika makaburini nchi kavu, kwenye mawe. Watu walinitazama usoni wakingoja. Wifi yangu Hilaria, dada wa marehemu mume wangu, alikuwa na kitambaa cha pili mkononi kwa ajili yangu, na mwisho akakitumia mwenyewe. Mume wake Nélida, Wilber, alilia kwa sauti mpaka kaka zake wakamshika mabega. Nikamwona mtu anayelia, basi.

Huyu Wilber alikuja kwetu miaka tisa iliyopita akivuta kipande chake cha kisiwa nyuma ya mashua, kama mtu anavyohama na kitanda chake. Kwetu kawaida mwanamke ndiye humfuata mume; mwanamume anayehamia kwa wakwe husemwa. Nami sikumwacha apumue. Akisimama popote nilimwambia, "Wilber, sogea. Hapo umekanyaga kisiwa changu." Akikaa kula, "Kula polepole, mali ya wenyewe hiyo." Nélida alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Wilber alikuwa akisema, "Sawa, mama," na kusogea hatua moja. Halafu nilikuwa nikimwambia hapo aliposogea napo ni pangu.

Mwanzo wa mwezi wa kumi na moja, mashua ya mwisho ilipoondoka, alinijia jikoni ameshika kofia mkononi. Nilikuwa napara samaki.

"Mama, nimekuja kuomba msumeno."

Sikuacha kupara. Mtu wa kwetu akiomba msumeno haombi kukata kuni. Anaomba kisiwa kikatwe, achukue kipande alichokuja nacho, aondoke.

"Nani kakukosea?"

"Hakuna aliyenikosea."

"Kuna mwanamke?"

"Hakuna, mama. Kaka zangu wana nafasi upande wa mfereji mkuu. Mama yangu naye amezeeka." Akazungusha kofia. "Halafu hapa... Tangu mwezi wa tatu hujaniambia nisogee."

"Unataka kusimangwa?"

"Nataka kuonekana, mama. Unanipita kama unavyopita nguzo. Juzi nimesimama hapo mlangoni, ukamwaga maji miguuni pangu, hukujua kama kuna mtu."

Ilikuwa kweli. Niliyakumbuka maji, miguu sikuikumbuka. Labda palikuwa na maneno ya kusema hapo. Nilimwambia samaki wataoza tukiendelea na hadithi, akavaa kofia yake akatoka.

Sasa nieleze jambo moja, maana hapo ndipo palipo na kisa chote. Nyumba zetu ni za matete na ni nyepesi. Watu sita huibeba nyumba, matete yaliyooza chini wanayatoa, wanatandika mapya, wanairudisha. Lakini siku ya msumeno hakuna kubeba. Zamani watu walikuwa wakibeba, wakinyang'anyana nyumba juu ya ufa wenyewe, mpaka siku moja wawili walitumbukia na mmoja nusura afe maji. Tangu hapo likakatwa shauri: kinachosimama juu ya kipande huondoka na kipande.

Na nyumba ya Nélida ilikuwa inasimama wapi? Hilo hakuna aliyelijua. Kwa upande wa machweo kuna nyumba za Hilaria na wanawe. Inafuata nyumba yangu ya kulala, halafu jiko langu, halafu nyumba ya Nélida, halafu uwanja mtupu ambapo Wilber huanika matete, halafu maji. Kipande chake kilianzia mahali fulani huko. Mwaka walipokiunga mimi sikuwepo. Nilikuwa nimevunjika mguu, nimelala miezi miwili mjini kwa binamu yangu. Niliporudi kila kitu kilikuwa tayari: kipande kimefungwa, nyumba yao imesimama, na hata jiko langu limehamishwa. "Nimekusogezea kwenye jua, mama," Nélida aliniambia, "ulikuwa unalalamika baridi." Miaka tisa mizizi imeota ikashikana, matete yametandikwa juu ya matete, na mshono umepotea. Wengine walidai uko mbele ya nyumba ile, upande wa jiko, wengine nyuma yake, upande wa uwanja. Ukiwa nyuma, nyumba ni yangu. Ukiwa mbele, inaondoka.

Niliitaka nyumba ile. Ndicho kitu pekee nilichokuwa nakitaka, na hata hicho nilikitaka bila joto, kama unavyotaka kukaa ukichoka. Kila alasiri Wilber akiwa amekwenda kukata matete, nilikuwa naingia mle nakaa sakafuni. Silii. Nakaa. Kitambaa cha mwisho alichokuwa akidarizi Nélida kilikuwa bado kimetungikwa na sindano yake, ndege mwenye bawa moja. Ukutani alikuwa amebandika karatasi ya rangi aliyoiacha mtalii mmoja: mambo kumi ambayo lazima uyaone Peru kabla hujafa. La kwanza ni Machu Picchu. Kuna bonde la tai wakubwa, kuna mlima wenye rangi saba, kuna michoro ya jangwani ambayo mpaka upande ndege ndipo uione. Sisi ni wa nne. Visiwa vinavyoelea, na picha ya bibi mmoja anayecheka ambaye si wa kisiwa chetu na meno yale si yake.

Nélida aliweka alama ya penseli kwenye namba nne. "Moja tayari, mama," alikuwa akisema. "Zimebaki tisa." Alikuwa anaweka akiba ya kwenda Machu Picchu na Wilber mwaka huu baada ya mvua.

Siku mbili kabla ya msumeno nilisikia harufu ya kuoza jikoni. Ni kawaida, matete ya chini huoza, unayafukua unatupa, unatandika mengine. Nilipiga magoti kwenye nafasi iliyo kati ya nyumba yangu ya kulala na jiko, nikafukua mpaka kwenye mizizi. Mkono ukagusa kamba. Kamba ya nailoni ya buluu, imezama kwenye mizizi, na kwenye fundo pamefungwa kishada cha nyuzi, kimoja cha vile tunavyofungia ncha za misuko yetu ya nywele. Kilikuwa kimepauka lakini rangi ya chungwa ilionekana. Vya Nélida vyote vilikuwa vya rangi hiyo. Alikuwa ameweka alama, kama mtu anayejua kwamba siku moja watu watauliza.

Mshono ulikuwa pale. Haukuwa mbele ya nyumba yake wala nyuma yake. Ulikuwa huku, upande wa machweo, kabla ya jiko langu. Nyumba yao ilikuwa juu ya kipande cha Wilber, na jiko langu pia. Miaka tisa nilikuwa napika kwenye kisiwa cha mkwe wangu, namgawia chakula, namwambia hii ni mali ya wenyewe.

Nilitazama kile kishada kwa muda. Nikangoja nione kama kuna kitu kitakuja. Hakikuja. Nikaleta matete mabichi mafungu matatu, nikatandika, nikakanyaga vizuri, nikaenda kumenya viazi.

Alhamisi Edilberto aliambiwa asilete mtu baada ya saa nne. Mzee Fortunato, mwenye msumeno, alifika kwa mashua yake pamoja na kaka wawili wa Wilber. Msumeno wa Fortunato ni wa watu wawili, mrefu kuliko mimi, una meno ya kutisha, na yeye mwenyewe anaubeba kama anabeba mtoto wa kubatizwa. Ndiye huitwa kwenye visiwa vyote watu wakishindwana.

"Haya, wapendwa," alisema akishuka. "Nani anamwacha nani? Niambieni upesi, mgongo wangu una saa zake."

"Mkwe anaondoka," alisema Hilaria. "Na wifi yangu anabaki na roho yake nzuri."

"Mdomo wako ungekuwa msumeno tungekuwa tumekwisha kata tangu saa mbili," nilimwambia.

"Ungekuwa msumeno, wifi, ningeanza na wewe."

Watu walicheka, Wilber akatabasamu. Alikuwa amevaa sweta alilofumiwa na Nélida, jekundu, kiwiko kimetoboka. Jikoni kwangu nilikuwa nimebandika supu ya samaki na viazi, maana hata wanaotengana hawaondoki na njaa. Moshi ulikuwa unakwenda upande wa mashariki.

Fortunato akavua kofia. "Tunaanza. Mama wa nyumba ndiye mkubwa hapa, na ndiye mwenyekiti. Mama Rufina, mshono uko wapi?"

Nilikwenda moja kwa moja. Nilipita jiko, nikapita nyumba ya Nélida, nikasimama nyuma yake, pale uwanja unapoanzia. "Hapa," nilisema. Sauti ilitoka safi. Hata mimi ningeiamini.

Hilaria alinitazama. Kaka mmoja wa Wilber akasema, "Lo! Yaani alikuja na uwanja wa kuanikia tu? Mbona tulivuta siku nzima?"

"Mlikuwa mnavuta vibaya," nilisema.

"Wilber," Fortunato akauliza, "unasemaje wewe?"

Wilber alitazama miguu yangu ilipokanyaga. Halafu akanitazama mimi. "Mama anajua," alisema. "Tukate hapo."

Kwa desturi anayeondoka hushika mpini mmoja na anayebaki hushika wa pili, kila mtu upande wake. Ni kazi ya jasho. Msumeno unashuka kwa shida kwenye matete, halafu unafika kwenye mizizi, na kule unakwenda kwa sauti ya chini chini. Vuta, achia. Vuta, achia. Maji meusi yakaanza kuchungulia kwenye ufa. Wengine walikaa kando na Fortunato, wakizungumza bei ya mafuta ya mashua. Mimi na Wilber tulikuwa tumeinama, nyuso karibu, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu.

"Usikaze hivyo, mama," alisema taratibu. "Utaumia bega. Hapa hakuna kamba ya kukwamisha meno, utapita tu."

Nikavuta. "Umejuaje kama hakuna kamba?"

"Nilizishika mimi. Yeye akafunga."

Nikavuta tena. Naona haya kusema, lakini nilivuta mara tatu au nne zaidi baada ya kusikia maneno hayo. Mikono ilikuwa imezoea.

"Basi unajua ziko wapi," nilisema.

"Kabla ya jiko."

"Na miaka yote hii unanyamaza. Nakufukuza kila mahali, unanyamaza."

"Alinikataza." Alikuwa anavuta pole, haachi. "Alisema, 'Mama akijua anapika kwenye kipande chako atakosa la kukutania. Mama akikosa la kumtania mtu, hajui tena amshike wapi. Mwache akufukuze, Wilber. Ndivyo anavyokaribisha.'"

Niliachia mpini. Msumeno ulibaki umesimama kwenye ufa, unatikisika.

"Mama Rufina, umechoka?" Fortunato akauliza. "Aje mwanaume?"

"Sijachoka. Nimedanganya."

Nilipita nyumba ya Nélida, nikapita jiko, nikapiga magoti nikaanza kutupa matete niliyoyatandika juzi. Bado yalikuwa mabichi. Walinizunguka. Nilipofika kwenye mizizi nikakaa kando ili waone wenyewe: kamba ya buluu, kishada cha chungwa.

Hilaria ndiye aliyeongea kwanza. Alitazama kamba, akatazama jiko langu upande wa pili, akahesabu kichwani, halafu akapiga mikono. "Wifi! Kumbe mwenye kuhamia kwa watu ni wewe!"

Kaka za Wilber walijaribu kuzuia kicheko wakashindwa. Fortunato alicheka huku akishika kiuno. "Na mgongo wangu je? Nimepigania uwanja wa bure!" Wilber hakucheka. Alichuchumaa, akakigusa kile kishada kwa ncha ya kidole, kama anayepima uji kama umepoa.

"Nilitaka nyumba," nilimwambia. Nilimwambia yeye, wengine walikuwa wanasikiliza tu. "Huwa nakaa mle ukiwa umetoka."

"Najua. Unaniachia sakafu ya moto."

"Na ungeniachia."

"Ningekuachia, mama. Mimi nilimpata yeye mwenyewe miaka tisa. Wewe ungebaki na nini?"

Ningesema abaki. Lilikuwa neno fupi. Kaka zake walikuwa wameshafunga kamba ya kuvutia kwenye mashua, mama yake anamngoja, na mimi nilikuwa mtu wa kupita watu kama nguzo. Sikulisema, na yeye hakukaa kulingoja. Fortunato aliziba ule ufa wa uongo kwa mafungu ya matete, akauleta msumeno kwenye mshono wenyewe, tukashika tena mipini. Mara hii tulikata kwa haki, na tulikata bila kupumzika mpaka saa tisa.

Kamba zilikuwa tatu. Mbili Wilber alizikata kwa kisu. Ya tatu ndiyo ile yenye kishada, na kila mtu alikitazama kisu kisha akatazama pembeni. Fortunato akamwonyesha Wilber ile kamba kwa kidole. "Kata, mwanangu, tumalize."

"Siikati hiyo."

"Basi wewe mama."

"Haikatwi," nilisema. "Inafunguliwa."

Fundo nililijua. Nilimfundisha mwenyewe akiwa na miaka saba, la kufungia mashua usiku wa upepo: mara mbili kuzunguka, unapitisha chini, unarudi unajifungia mwenyewe. Alikuwa akilikosea kila mara mahali pale pale, anapitisha juu badala ya chini, na mimi nilikuwa nampiga kidogo kwenye mkono. Nililala kifudifudi nikatia mikono majini mpaka viwiko. Ziwa letu halina huruma mwezi wowote. Baada ya muda mfupi vidole vilikufa ganzi nikawa nafanya kazi kwa kukumbuka. Nikafuata kamba kuzunguka mara moja, mara mbili, nikatafuta inapopita chini.

Ilipita juu. Mtu mzima, mke wa mtu, na bado alikuwa anapitisha juu.

"Nélida," nilisema, "chini. Nimekwambia mara ngapi, chini." Ilikuwa mara ya kwanza nalitaja jina lake tangu makaburini. Nilisikia Hilaria anavuta kamasi nyuma yangu. Fundo likalegea, kamba ikatoka, nikabaki na kishada kwenye ngumi ambayo sikuweza kuihisi.

Kisiwa kilitoa mlio mdogo, mizizi ya mwisho ikaachana, na kati ya magoti yangu na jiko langu pakawa na maji upana wa kiganja. Halafu upana wa mkono. Wilber alikuwa upande ule. Mashua ya kaka zake ikanguruma na kipande chote kikaanza kuondoka taratibu: jiko langu likitoa moshi, nyumba ya Nélida na karatasi yake na ndege wake wa bawa moja, uwanja, na mkwe wangu na sweta lenye tundu.

Hapo ndipo vidole vilipoanza kupata moto. Anayejua baridi ya kwetu anajua: ganzi haiumi, inayouma ni damu ikirudi. Iliuma kuanzia kuchani mpaka kwapani, ikaendelea ndani, na nikaanza kulia. Nililia vibaya, kwa sauti, mdomo wazi, mbele ya watu, kofia imeanguka. Nilikuwa na miezi minane ya kulia, na yote ilitaka kutoka kwa mlango mmoja.

"Mama!" Wilber akaita kutoka kule. "Mama, supu yako iko motoni huku!"

Nikajifuta kwa sketi. "Chumvi bado!" nilipiga kelele. "Sijatia chumvi!"

Chumvi ilikuwa kwenye nyumba yangu ya kulala, pakiti mpya niliyonunua mjini. Hilaria alikimbia, mtu wa miaka sitini na magoti mabovu, akaniletea. Niliirusha. Sikuwahi kurusha kitu vizuri maishani mwangu, lakini Wilber alijinyoosha mpaka nusura atumbukie, akaidaka kwa mikono miwili.

"Kijiko kimoja!" nilimwambia. "Koroga kutoka chini! Na ukiniunguzia sufuria, Wilber, nitakuja na msumeno!"

"Sawa, mama!" alisema. Akasogea hatua moja, kwa mazoea, ingawa pale alipokuwa palikuwa pake. Akaingia jikoni. Fortunato alikuwa anafunga msumeno wake kwenye gunia, akauliza kama kweli supu yote imeondoka.

Kesho yake ziwa lilikuwa limetulia. Edilberto alileta wageni kumi na saba. Nilipiga magoti mbele ya beseni, nikalitia bonge langu majini, nikatandika matete, nikaweka vibanda. Mikono ilikuwa inauma bado. Niliweka baba, mama na mkwe. Binti nilimwacha mfukoni mwa aproni pamoja na kile kishada. Edilberto aliona, akakohoa, akauliza swali lake. Nikakata. Wakacheka.

Mama mmoja wa makamo, mweupe, amebabuka pua kwa jua, alinyoosha mkono akauliza kitu. Edilberto alisita kidogo kabla ya kutafsiri. "Anauliza kama jambo hili hutokea kweli, au ni mchezo tu wa kuwafurahisha wageni."

Huwa najibu kwamba ni mambo ya zamani. Nilisimama nikajipangusa magoti, nikaangalia upande wa mfereji mkuu, mbali, ambako nyuma ya matete palikuwa panapanda moshi mwembamba.

"Mwambie aangalie kule," nilisema. "Ule moshi. Lile ni jiko langu. Mwanangu anapika."